Kifaa Kimeona, Baba, na Ruhusa Nimepata

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inasemaje? Mimi mzima, ila wiki hii nilikonda kwa mawazo. Kaka Elibariki ameniandikia kuwa tangu uanguke shambani umekataa kupelekwa hospitali ya Same mpaka mimi nije. Baba jamani! Ukaidi huo nao!

Na mimi huku nilikuwa nimefungwa na kazi. Kile kifaa chetu kimesharushwa angani kwa roketi. Kazi yake ni kupokea eksirei zinazotoka kwenye nyota na kuzichambua, maana kila madini, kama chuma, huacha mstari wake mahali pake kwenye picha. Mkuu wetu alisema hakuna likizo mpaka kifanye kazi.

Basi siku ya kwanza tukautafuta mstari wa chuma. Haupo. Siku ya pili haupo. Wakubwa wakasema roketi imekitikisa, kimevunjika. Miaka sita ya kazi, Baba! Nilijifungia chooni nikalia.

Siku ya tatu nikafungua daftari langu, kumbe! Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyezipa namba safu za kupokelea eksirei, na nilianzia mwisho, kama unavyohesabu majaruba yetu ya mpunga ya Kihurio: mwenye jaruba la mwisho wa mfereji kwanza, asije akakosa maji. Wenzangu walioandika programu ya kompyuta walianzia mwanzo. Kwa hiyo picha yote ilikuja kinyumenyume.

Nikaenda kwa mkuu na daftari langu, nikamweleza. Akauliza, "Nani anaanza kuhesabu mwishoni?"

Nikamjibu, "Kwetu, sisi sote."

Wenzangu wakageuza namba. Mstari wa chuma huo hapo, umesimama wima, mwembamba kuliko tulivyotarajia, yaani kifaa kinaona vizuri kabisa! Watu wazima walirukaruka. Mkuu alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akasaini ruhusa yangu palepale. Mungu ashukuriwe, Baba, nimepumua.

Barua hii anaileta dada mmoja wa Mwanga, atanitangulia kwa wiki moja. Nimempa na glovu na bandeji, maana nasikia madukani siku hizi kumejaa kila kitu, ila hospitalini mgonjwa aende na vyake.

Nisalimie Mama, mwambie nina hamu na makande yake. Nisalimie Kaka na mkewe, na Shangazi anayelala hapo kukuuguza.

Sasa sikiliza, Baba. Nisikukute nyumbani. Kesho asubuhi kubali wakubebe. Nikishuka basi Same nitakuja moja kwa moja wodini.

Mwanao niliye njiani,
Nakijwa