Ufunguo wa Sanduku la Babu Yako

Marahaba, Hamisi, mjukuu na mume wangu.

Hapa Kitomanga tu wazima, mikorosho imechanua. Umeuliza bunduki yako ya kibali uiweke wapi katika chumba cha kupanga.

Tulipopanga Lindi, marehemu babu yako aliificha yake chini ya godoro. Siku moja, sikukuu ya Idi ikikaribia, nasi tumetoka, mwenye nyumba akafungua chumba chetu kwa ufunguo wake, akatuanikia godoro, kwa wema tu. Tulirudi tukakuta bunduki wazi kitandani, wanawe wadogo wamesimama wanaitazama. 

Babu yako akamwomba mwenye nyumba ruhusa, akakaza ukutani sanduku la chuma la kufungia bunduki. Risasi alizifungia kwingine, ufunguo akauvaa shingoni hadi alipofariki.

Sanduku nitakutumia kwa basi. Ufunguo nimeuvaa mimi; huu njoo uuchukue mwenyewe.

Bibi yako