Muziki Usio na Nafasi ya Ngoma

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikinyoa vichwa viwili mfululizo. Natumaini nawe u mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi kimekwisha.

Kifurushi chako kimefika. Albamu mbili, umezifunga kama mayai, hata kona hazikupinda. Nimeliona jina lako kwa herufi kubwa, nikalipitishia kidole. Nikamwita muuza nyama wa jirani, na yule mwalimu mstaafu anayesoma gazeti langu bure, nikawaambia, "Leo mtamsikia binti yangu." Nikaweka santuri ya kwanza.

Mama, sikufichi. Nilidhani gramafoni imekufa. Kwanza ukimya, halafu kitu kinakwaruza kama kabati linalosukumwa ghorofa ya juu, halafu ukimya tena. Nikabadilisha sindano. Kabati likaendelea kusukumwa. Ikabidi tumwite fundi redio. Akafungua, akapuliza vumbi, akasikiliza kidogo, akasema, "Mzee, mashine ni nzima kabisa. Mgonjwa ni muziki."

Muuza nyama alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa niambie ukweli. Wamekupa zilizoharibika kiwandani? Kama ndivyo, warudishie, usikubali kuonewa. Nimepiga ngoma kwenye bendi tangu hujazaliwa, na wimbo naujua hata ukinipita barabarani.

Baba yako


29 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako imenifikia na nashukuru kwamba u mzima. Pole na goti. Tafuta kiti kirefu uwe unanyoa umekaa. Mimi sijambo. Kikohozi kiliisha, ila barua yako imeniachia ugonjwa mwingine: nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena, na sasa sijui nimebaki wapi.

Santuri ni nzima. Hakuna kabati. Ni ukingo wa bati ninaousugua kwa upinde wa fidla. Lile bati nililichagua mwenyewe kwenye lundo la mabati chakavu, nikiyagonga moja moja mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina mtu wa kunipeleka nyumbani.

Baba, huo ni muziki niliotunga kwa ajili ya filamu. Kila filamu ilikuwa na vipande vyake. Kampuni ikavikusanya, viwili kutoka huku, vitatu kutoka kule, ikavipanga kwenye albamu. Kwa hiyo unachosikia ni kama kofia zilizopangwa mezani bila vichwa. Naelewa ukishangaa. Lakini mimi nasema kofia iliyoshonwa vizuri husimama yenyewe.

Siku nilipoacha bendi yako ulisimama mlangoni ukasema, "Nenda. Utarudi ukichoka na kelele zako." Sijachoka. Na albamu sikuzituma ili nisifiwe, nilizituma zisikilizwe. Ombi langu ni moja tu. Albamu ya kwanza, upande wa kwanza, kipande cha tatu. Jina lake usilisome. Sikiliza, kisha uniambie unaona nini. Ukiona kabati tena, nitakuacha na redio yako.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na goti linakusalimu. Huo ulimi ni wa marehemu mama yako, hukuuokota.

Gramafoni nimeihamishia dukani, maana nyumbani mtoto wa wapangaji wa juu alilia tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Kwa hiyo kipande chako cha tatu tulikisikiliza watu wanne: mimi, muuza nyama, mwalimu, na mteja aliyekuwa kitini.

Kuna sauti nyembamba, haipandi wala haishuki. Kuna maji yanadondoka kwenye beseni. Kisha wanawake. Hawaimbi! Wanavuta pumzi tu, wote pamoja, kama wanaotaka kuanza wimbo, halafu hawauanzi. Nilingoja wauanze mpaka shingo ikaniuma.

Mwalimu akasema, "Ni treni iliyokwama."

Muuza nyama akasema, "Treni gani? Huyo ni mtu ana neno mdomoni, na kuna kitu kinamzuia kulitoa."

Mwalimu akamwuliza amesoma wapi. Muuza nyama akamjibu kwamba masikio hayaendi shule. Wakabishana, nami nikiwa mwamuzi, wembe mkononi. Mteja akaona mambo si mambo, akavua taulo na kuondoka nusu kichwa. Nusu kichwa, mama! Mpaka leo sijui alimaliziwa na nani.

Kisha akaja mwenye nyumba wa hapo dukani, funguo kiunoni, akachungulia. "Mzee Vijiti, humu kuna nini? Mmemfungia mtu?"

"Ni muziki wa mwanangu."

"Basi uzime. Wapangaji wenzako wanasema unafukuza watu."

Redio za mtaa mzima zinapiga kutwa, hakuna anayeziuliza kitu. Nilikuwa nakaribia kuuzima mwenyewe, lakini aliposema hivyo, nikarudisha sindano mwanzo.

Mimi niliona jino. Usinicheke. Niambie ni nini.

Baba yako


20 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote hapo dukani, pamoja na aliyenyolewa nusu. Mimi mzima wa mwili.

Sikucheki. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, ikabidi nikae. Katika filamu ya kipande hicho, mwanamke yuko kwa daktari wa meno, mdomo wazi, vyuma vimejaa, na hapohapo kitini anaamua kumwacha mumewe. Hawezi kusema lolote. Mwambie muuza nyama kwamba mwongozaji mwenyewe ilimchukua wiki kuelewa alichokielewa yeye kwa dakika moja. Na wewe uliona jino. Sijui umelionaje.

Sasa nikupe habari nyingine. Kampuni inataka albamu ya tatu. Safari hii si ya watu wanaopenda filamu, ni ya mahoteli na vyumba vya kusubiria. Kila kipande kitapunguzwa, mikwaruzo itafutwa, pumzi zitaondolewa, na chini yake watatia ngoma laini. Msimamizi wao ameniambia, "Tunausaidia muziki wako upendeke."

Nitatia sahihi, baba. Waongozaji hawaniiti tena kama zamani. Wanataka vinanda vya kuliza watu. Nimechoka kuambiwa kwamba nitaeleweka baadaye. Hiyo baadaye naona inakuja kwa miguu, tena inachechemea.

Labda mlangoni ulisema kweli.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu,

Salamu nitazitoa mwishoni. Kwanza hili: usitie sahihi.

Usije ukadhani nimeupenda muziki wako. Sijaupenda. Nimezisikiliza albamu zote mbili, mbele na nyuma, wateja wakiwemo na wasiwemo. Vipande vingine vinanifanya nikaangalie kama mlango nimeufunga. Kwenye albamu ya pili kuna msumeno unaolia kama mtu anayejikaza asilie. Huo naweza kukaa nao. Kile cha vikombe vinavyogongana sikiwezi, na sitajilazimisha kwa kuwa ni chako. Nimegundua pia kwamba waliopanga albamu ya kwanza walificha vikali nyuma na kutanguliza vipole, ila kabati likawaponyoka. Ya pili imepangwa na mtu jasiri zaidi.

Lakini sikiliza. Kwa vile wanataka kutia ngoma, mimi nimejaribu. Duka lilipokuwa tupu nilitoa vijiti vyangu, nikapindua ndoo, nikaweka kipande cha jino, nikaanza taratibu. Haikukaa. Nikapunguza mwendo. Haikukaa. Nikaacha mapigo mengi, nikabakiza moja hapa moja pale, bado nikawa kama mgeni aliyeingia chumbani watu wakanyamaza. Mwishowe nikaweka vijiti chini. Hapana nafasi ya ngoma pale, mama. Umeijaza yote. Anayetia ngoma pale hajasikiliza.

Kwa hiyo wasikuambie wanausaidia. Kama hawautaki, wauache ulivyo, kama nilivyouacha mimi. Kutokuupenda ni haki ya mtu. Kuukatakata ni jambo jingine.

Na maneno ya mlangoni niliyasema mimi, kwa hiyo ni yangu. Usiyatumie wewe kujipigia.

Huku mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi: nizime au nihame. Nimemwuliza kama muziki wa dansi ungemkera. Akasema huo ni muziki. Nikamwambia, "Basi na huu ni muziki, na hauzimwi."

Haya, sasa salamu. Mimi mzima. Hujambo?

Baba yako


11 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako sijaiona na simlaumu wa posta.

Nimehamisha duka. Usishtuke, ni ng'ambo ya barabara tu. Kiti tulikibeba mimi na muuza nyama, magari yakitusubiri huku mwalimu akiyasimamisha kwa gazeti langu. Kioo kilipata ufa kwenye kona, lakini uso unaonekana. Chumba ni kidogo na hakina bomba, nachota maji kwa muuza nyama. Wateja wamepungua. Wako walioniambia wazi kwamba watarudi mwanangu akitunga kitu cha kueleweka. Nimewatakia nywele fupi popote waendako.

Wapiga gitaa wangu wa zamani walipita kunisalimu. Mmoja akasema, "Vijiti, wewe uliyetuchezesha, leo unasikiliza mabeseni?" Nikamjibu kwamba kama maji yale yanamshinda, kuna chai. Akanywa chai.

Kama umetia sahihi, niandikie hivyohivyo. Nitagombana nawe kwa barua, na nitabaki baba yako. Ukimya ndio siuwezi. Huo wako wa kwenye santuri angalau najua utaisha.

Baba yako


2 Septemba

Baba, shikamoo, na unisamehe ukimya.

Nimesoma kwamba umehama nikaona aibu hadi masikioni. Goti linaendeleaje na hiyo ndoo ya maji? Mimi mzima. Leo mzima kweli.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kutia sahihi na sikutaka unizuie. Nilitaka nikuandikie mambo yakiwa yamekwisha. Msimamizi alisafiri, mkutano ukaahirishwa, na wiki iliyopita akaniita. Nilikwenda na kalamu yangu mwenyewe.

Mkataba ulikuwa mezani. Akasema, "Kabla hujaandika, sikia ilivyopendeza." Akakipiga kipande cha tatu. Beseni halipo. Wale wanawake hawapo. Imebaki ile sauti nyembamba, na chini yake ngoma, du, du, du, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba tupu.

Nikakuona umekaa na ndoo yako. Nikacheka.

"Kinachochekesha ni nini?"

"Baba yangu ni mpiga ngoma. Alijaribu kupiga juu ya kipande hiki, akasema hapana nafasi."

Akatabasamu. "Basi huenda baba yako si mpiga ngoma mzuri sana."

Baba, muziki wangu umetukanwa na watu wengi na nimezoea. Lakini hilo lilinipata mahali pengine kabisa. Kalamu ikarudi mfukoni. Nikamwambia, "Naomba kanda zangu."

"Kanda zipi?"

"Zote. Ni zangu, na mkataba wa zamani unasema hivyo. Leo ninazichukua."

Akasema nikitoka hivyo hakuna albamu ya tatu, na zile mbili hazitatolewa tena. Akasema jina langu litazunguka kwamba sishikiki. Nikamwambia lizunguke, lina miguu. Nilizibeba kanda kwa awamu, nikipanda na kushuka ngazi zile mara kadhaa, na hakuna aliyenyanyua mkono kunisaidia. Mikono inaniuma hadi sasa ninavyoandika.

Sina filamu, sina kampuni. Wiki hii nimeanza kutunga kipande ambacho hakingoji picha ya mtu yeyote. Ni kofia isiyo na kichwa cha kuivaa. Ni kigumu kuliko vyote nilivyowahi kutunga, na wewe hutakipenda kabisa.

Mwanao


25 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, goti limekubali kazi. Pole na mikono, ipake mafuta ya moto.

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, mpaka pale msimamizi aliposema mimi si mpiga ngoma mzuri. Muuza nyama aliweka kisu chini. Mwalimu alikunja gazeti, na huyo halikunji hata mvua ikinyesha. Ilibidi mimi niwatulize, wakati aliyetukanwa ni mimi.

Kama albamu hazitatolewa tena, basi nitazitunza hizi mbili. Sindano nimenunua mpya ili isizile. Hicho kipande kigumu kilete kikiwa tayari, usikilainishe kwa ajili yangu.

Jana asubuhi nilikuwa nafagia, nikaona mtu amesimama mlangoni. Mwenye nyumba. Nywele zimemwota hadi masikioni, na nyuma ya kichwa kuna ngazi ambazo sijui alikatiwa wapi. Unajua kichwa chake, kina kinundu kule nyuma, na asiyekijua atamtoa damu.

Akasema, "Mzee Vijiti, habari za asubuhi."

"Nzuri. Kaa."

Akaiangalia spika. "Hiyo utaipunguza kidogo."

"Haipungui."

Akasimama pale, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Kisha akaingia, akakaa. Nikamfunga taulo, nikaweka albamu ya pili. Mimi nikamnyoa polepole, nikazunguka kile kinundu, msumeno ukalia na kunyamaza, vikombe vikagongana, naye akayafumba macho kama anayeng'olewa kitu. Upande wa kwanza ulipoisha, akafumbua jicho moja kwenye kioo.

"Imekwisha?"

"Bado," nikamwambia, nikaigeuza santuri.

Baba yako