Miaka ya Nyongeza kwa Marehemu

Sefu, rafiki yangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kile kigoda chako pale kwa muuza kahawa, Mtaa wa Kongo, kimevunjika. Aliyekivunja ni mimi. Wanasema nimenenepa; mimi nasema kigoda kilikuwa kimezeeka. Uchunguzi unaendelea.

Mengine ni yale yale. Sukari kwa foleni, na karatasi hata foleni yake haipo. Nimechoka, Sefu. Nimechoka hata kulalamika, na unajua nilivyokuwa bingwa.

Sasa sikiliza. Jumamosi sisi waandishi tuliitwa mkutanoni, ukumbi mmoja pale Mnazi Mmoja. Jambo lilikuwa moja: tuombe sheria ibadilishwe, haki ya mwandishi juu ya vitabu vyake ilindwe miaka mingi zaidi baada ya yeye kufa. Eti hilo litatutia moyo wa kuandika. Mwenyekiti akanipanga nizungumze, kwa kuwa nilikuwa rafiki yako. "Ndugu, wewe waeleze tu kwamba marehemu angeandika zaidi."

Siku tatu nzima kabla ya mkutano nikawa nakukumbuka. Ulikuwa unaandika kwenye daftari la shule, sura moja moja, unawapelekea mafundi cherehani wa barazani wasome kwa zamu. Daftari likirudi, pembeni limejaa chaki yao ya kukatia nguo: "Huyu bwana asife." "Mama mkwe apunguze mdomo." Nawe unakuna kichwa: "Jamani, hawa watu hawana huruma!" Kisha unakaa kuandika upya, uso umekunjuka kama umepata kilo mbili za sukari. Sikukusikia hata siku moja ukiuliza kitabu kitakuwa cha nani ukishakufa. Ulichouliza ni fundi Athumani kafika ukurasa wa ngapi.

Miaka hiyo ya nyongeza itamfaa mkeo, Bi Zaituni, na watoto. Hilo silipingi hata kidogo. Basi tuseme tunawaombea wajane na yatima, iishe. Wewe hata ukiongezewa miaka mia, huandiki tena mstari mmoja.

Hayo ndiyo niliyopanga kusema. Mtaani nimeshajisifu kwamba niliyasema, tena kwa sauti.

Ukweli ni huu. Nilisimama, nikamwona Bi Zaituni amekaa mstari wa mbele, nikayaacha yote niliyopanga. Nikasema ungeandika vitabu kumi zaidi kama sheria ingekulinda vya kutosha. Makofi yakapigwa, mikono yote ikanyooshwa, na wangu pia.

Nje Bi Zaituni akanishika mkono. "Ahsante, shemeji. Lakini mbona umemsingizia mwenzio? Na wewe mara ya mwisho umeandika lini?"

Nikamjibu karatasi hazipatikani.

"Nyumbani kuna madaftari yake matano, hayajaguswa. Njoo uyachukue."

Sijaenda. Tangu tulipokuzika sijaandika hata ukurasa mmoja, na kila anayeuliza namtajia karatasi. Siyo karatasi, Sefu. Nilikuwa naandika ili wewe usome kwanza, uniambie nimeboronga wapi. Sasa nikikaa mezani sijui namwandikia nani, naondoka.

Nakuahidi kwamba wiki hii nitakwenda kwa Bi Zaituni kuyachukua, na nitamwambia hivi hivi nilivyokwambia wewe. Kuyajaza siahidi. Nitajaribu.

Pumzika, ndugu yangu. Mungu akulaze pema.