Viatu vya Nakonde

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kosa la wengi ni kudhani kwamba nguvu huanza pale kamba inapofungwa. Mtoto asipofungwa, basi wanasema amekubali.

Nalifikiria hilo kwa sababu ya mjukuu wangu, Irene. Miaka kumi na mitano. Tangu shule zifunguliwe hajaenda. Leo nimemkuta amejikunyata chini ya kichanja cha kahawa, na juu yake mama yake, Ferista, anageuza kahawa bila kujua kama mwanawe yuko chini. Nikainama. Akaninong'oneza nisiongee – kahawa inamtaja jina. Hakuwa anatania. Baridi hii, na yeye peku!

Jumatano, 16 Julai

Mwanangu Rabson, baba yake Irene, amekuja kutoka Tunduma anakopitisha mizigo mpakani. Nikasema mtoto apelekwe hospitali, apimwe akili.

"Apimwe akili? Baba, nani atamchumbia? Tutaitwa ukoo wa vichaa!"

Yeye anataka vijana wake wa kupakia mizigo wamfunge, wampeleke kwenye maombi huko Momba. Ferista analia tu. Anasema Irene ameapa: wakimgusa, atakimbilia barabara kuu. Na malori yale hayasimami. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda kwa Paskalina, afisa ustawi wa jamii. Nilimfundisha hisabati zamani.

"Leo mwanafunzi ni wewe, Mwalimu," akacheka.

Niandike nisisahau. Aliye chini ya miaka kumi na minane, mzazi au mlezi ndiye humwombea huduma. Mzazi akigoma na mtoto yuko hatarini, ustawi huingilia, na mahakama ipo. Nikauliza: na mtoto mwenyewe akikataa? Hapo akaacha kucheka. Anaweza kupimwa bila kutaka, akasema, lakini asipelekwe bila kuambiwa. Sheria ya Mtoto inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kusikilizwa si lazima kukubaliwa – ila kwanza ajue kinachoamuliwa! Nilitembea nikilirudia hilo mpaka nyumbani.

Nikampigia Rabson. Nilitegemea matusi. Amekubali! Hospitali, Jumatatu. Eti niliache hilo mikononi mwake. Amekubali haraka mno. Sina raha.

Jumatatu, 21 Julai

Gari la Rabson liko uani. Sasa nimeelewa. Amemwambia Irene wanakwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kununua viatu.

Ndivyo tunavyofanya huku. Mtoto wa kung'olewa jino huambiwa anapelekwa mnadani kula nyama choma. Tunaita huruma. Ferista naye amenisihi jikoni: "Baba, usituharibie. Ametulia, si unaona?"

Ni kweli, ametulia. Ameoga mwenyewe. Amevaa gauni la kanisani. Amekata uzi wa katani, akaupima kwenye wayo wake, akaja kunionyesha.

"Wasije wakaninunulia vikubwa, Babu."

Akatabasamu. Siku nyingi sijaliona tabasamu hilo, nami nikanyamaza kama mwizi!

Nikimwambia, huenda akakimbia. Barabara kuu iko nyuma ya migomba tu. Nisipomwambia, atashuka mlangoni pa hospitali na uzi wake mkononi. Baada ya hapo atamwamini nani? Daktari atamuuliza anasikia nini, na mtoto aliyedanganywa na baba, mama na babu atamjibu nini? Hakuna aliyemfunga. Lakini nguvu ni hii hii.

Rabson anapiga honi. Ferista ananiita nimhimize mtoto. Irene yuko kizingitini, anaukunja uzi ule vizuri, asiupoteze.

Wewe mzee, weka kalamu chini. Leo, kabla hajapanda gari: mwambie ni hospitali.