Goli Linalozama la Nantfran

Jumamosi, 13 Januari 1951
Sare, bila kwa bila. Mechi ya kumi na moja kwetu bila nyavu zangu kuguswa. Washambuliaji wetu nao hawafungi — hilo halinihusu. Gazeti limeniita ukuta wa Nantfran. Ukuta wa futi tano na inchi saba. Mke wangu Gwladys amelikata, kalibandika juu ya jiko.

Jambo moja. Nahodha wa wageni, jamaa mrefu kama ngazi, aliruka kupiga kichwa akajigonga kwenye mtambaa wa panya. Alipozinduka akasema atatushtaki. Eti goli letu fupi. Tulicheka mpaka bafuni.

Jumanne, 16 Januari
Hatucheki tena. Ligi imemtuma Bwana Treharne na futi kamba. Akapima, akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Pungufu inchi kumi na moja. Goli la pili, tisa.

Beynon, katibu wetu — kazi yake kutengeneza majeneza, kwa vipimo humwezi — akaapa hakuna aliyekata kitu. Kweli. Milingoti inazama. Chini kumechimbwa makaa, ardhi imebaki ganda.

"Nani anachimba hapo?" Treharne akauliza.

Wote wakanigeukia. Ni zamu yetu. Tangu Septemba napiga sururu chini ya goli langu mwenyewe.

Jumatano, 17 Januari
Barua. Klabu kubwa ya Uingereza inamleta mtu Jumamosi aniangalie. Akinichukua, shimoni sirudi. Baba alitoka humo na kifua kinachopiga filimbi.

Magoli yatainuliwa Ijumaa, amri ya ligi. Nikamwomba Beynon asogeze hadi Jumatatu.

"Idwal, mimi ni shemasi," akasema. Akafikiri kidogo. "Halafu Treharne atakuwepo."

Gwladys kachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa uani, futi nane kamili. Nikaruka. Nikaruka tena.

"Unaukaribia, mume wangu," akasema — sauti ileile anayowasemesha wagonjwa.

Jumamosi, 20 Januari
Kipindi cha kwanza nimefungwa manne. Yote juu ya vidole, palepale mtambaa wa panya ulipokuwa kabla ya kuinuliwa jana. Mwingereza hakuonekana. Theluji imekwamisha treni. Nikashukuru theluji.

Mapumziko. Treharne akaenda kunywa chai, hakurudi. Tukabadilishana magoli.

Dakika ya sabini hivi, nikasikia chini kishindo kidogo, kama mtu mnene anakaa kitini. Goli likashuka. Polepole, kulia na kushoto sawasawa. Mwamuzi yuko mbali, anabishana na mtu kuhusu kona. Watu nyuma yangu, kama mia mbili, wakanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia.

"Usigeuke, kijana," akasema. "Wewe cheza."

Ndipo Mwingereza akafika, theluji mabegani. Robo saa ya mwisho nimezuia kila kitu. Mmoja kwa kiwiko. Mmoja uligonga mtambaa wa panya nikiwa nafunga kamba ya kiatu.

Akanifuata chumba cha kuvalia. Anaitwa Pargeter, mpole.

"Yale manne ulifungwaje?"

"Jua lilinipiga machoni."

Dirishani theluji inaanguka. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 21 Januari
Yuko sebuleni, na mkataba. Siku ya Bwana, na sisi watu wa kanisa — Gwladys amefunga pazia. Pargeter anakula mkate wa zabibu, kipande cha tatu.

Nilimvuta Gwladys jikoni. Nimwambie?

"Mimi sikuolewa na goli," akasema. "Ila usiku nalala na kikohozi chako." Akabeba birika, akarudi kwa mgeni.

Namsikia akimuuliza, taratibu, goli la kwao lina kimo gani.

"Futi nane, mama. Kama dunia nzima."

Kijiko kinazunguka kikombeni, kinazunguka.

"Na chini yake kuna nini?"

"Udongo, mama. Kwani kuwe na nini?"

Sasa Pargeter ananiita nitie sahihi. Nimejibu natafuta kalamu. Dakika kumi zimepita, anaita tena. Nyumba hii ina kalamu moja tu, na ndiyo hii ninayoandikia