Viti vya Kusini, Kanisa la Grunnvik

Grunnvik, 12 Januari 1869

Mwanangu Gudrid,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, ila goti la mama yako halipendi baridi hii. Je, huko Bergen unakula vizuri?

Habari ni chungu. Baraza la usharika linataka kubomoa kanisa letu la mawe na kujenga kubwa la mbao, eti hili halitoshi. Kila Jumapili wanawake wengine husimama nje kwenye theluji. Kanisa la miaka mia saba! Kuta nene mpaka mtu anaweza kulala dirishani asidondoke! Babu zetu waliyavuta yale mawe ya sabuni juu ya barafu, wakachonga upinde wa mlango usio na mfano katika ghuba nzima. Kura ni baada ya Pasaka. Nikiliwaza, silali.

Baba yako,
Torgeir

Bergen, 3 Februari

Shikamoo baba,

Mimi mzima, nakula samaki mpaka nanuka. Mpe mama pole ya goti.

Usinikasirikie. Wanawake wanabanana upande wa kaskazini wa kanisa, lakini upande wenu wa kusini mko wangapi? Wanaume karibu wote wako visiwani Lofoten wanavua chewa. Mabenchi mmeyaachia kofia zenu! Waacheni wanawake wakae.

Mwanao,
Gudrid

Grunnvik, 20 Februari

Gudrid,

Tunaendelea vizuri. Wanawake kaskazini, wanaume kusini: ndivyo tulivyokuta. Mimi mzee wa kanisa, unataka nichekwe? Usiniandikie hayo tena.

Torgeir

Grunnvik, 29 Machi

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Kimya chako kimeniuma.

Jana, Pasaka, nilimwona mama yako kupitia mlangoni, yuko nje, theluji mabegani, ameegemea ukuta kwa sababu ya goti. Kando yangu benchi tupu. Niliona aibu, mwanangu. Nikatoka katikati ya mahubiri, nikamwingiza kwa mlango wa kusini.

Halvor, wa benchi la nyuma yangu, akaropoka, "Torgeir, umepotea njia?"

"Sogea," nikamwambia.

Wanawake wengine waliokuwa nje wakamfuata mama yako. Wote wakakaa, na nafasi ikabaki. Tulipoimba, sauti zao zilijaa upande wetu kwa mara ya kwanza, na kuta zile zikazirudisha mpaka nikalia mbele za watu.

Leo baraza limepiga kura. Kanisa halibomolewi! Mwenyekiti aliuliza nani alitoa wazo lile la kuwakalisha wanawake kusini. Nilisimama nikasema kwa sauti kubwa: binti yangu.

Baba yako anayekuonea fahari,
Torgeir