Wimbo Niliomtungia Watiri

Jumatano, 4 Agosti 1971
Wimbo umekwisha! Nimemfananisha Watiri na theluji ya Mlima Kirinyaga, nyota, na swala; sauti yake nimeiita kinanda. Mtoto wa watu anauza stempu posta ya Nyeri – swala anaingiaje? Nilihitaji kina cha "kulala". Mtunzi huyo!

Jumapili, 8 Agosti
Jana niliupiga hotelini kwa Kabura. Watu kimya. Nikadhani nimewagusa. Baadaye Kabura akaniambia walikuwa wakingoja nimalize wasikie habari za redio.
Mmoja tu alipiga makofi: Kihara, dereva wa lori la mchele wa Mwea. "Ngatia, ati ulijuaje jina ya bibi harusi wangu?"
Bibi harusi wake! Harusi ni tarehe 21, na anataka niupige hapo mbele ya wazazi. Nami nikajibu nini? "Hakuna shida." Mdomo huu!

Jumanne, 10 Agosti
Miezi yote hii nanunua stempu na sina wa kumwandikia. Nitakataa. Lakini nasikia kutakuwa na kipaza sauti… Moyo umevunjika, nami naulizia kipaza sauti.

Ijumaa, 13 Agosti
Watiri amekuja hapa ninaposhona. Kihara amemwimbia nusu ya wimbo, vibaya. Akauliza, "Huyo msichana wa hiyo wimbo ni nani?"
Ni wewe, nikasema. Cherehani ikanyamaza yenyewe.
Akacheka sana. "Mimi niko na sauti ya kinanda? Mimi napiga kelele posta mpaka wazee wanaruka! Na kila mahali ni moyo wangu, machozi yangu, usingizi wangu. Ngatia, huo wimbo ni wako. Kwangu umechukua jina tu."
Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumapili, 15 Agosti
Nimefuta kila "wangu" na kila "mimi". Limebaki jina lake na neno "na".

Jumatano, 18 Agosti
Nilienda posta, sikununua kitu. Nilimtazama tu, kama ninavyotazama kitambaa kabla ya mkasi. Mzee mmoja kiziwi aliulizia telegramu kutoka kwa mwanawe. "Bado, baba!" akapaza Watiri – jengo zima likasikia. Kisha akatoka nyuma ya dirisha, akamshika mkono mpaka ngazini, akainama akamfunga kamba ya kiatu. Foleni ikanung'unika. Hakujali.
Nimeandika mistari minne. Vina vimepinda. Sithubutu kuvinyoosha.

Jumamosi, 21 Agosti
Naandika nyuma ya turubai, vidole vina mafuta ya mbuzi. Nimepiga ule mpya – kelele, mzee, kiatu. Wageni wakatazamana. Mama yake Watiri akacheka, halafu akajifuta macho kwa kanga. Kihara akauliza, "Hii ni gani? Piga ile ya theluji!"
Nikasema nakaza uzi wa gita kwanza. Uongo.
Sasa Kihara ameshika kipaza sauti, anawatangazia theluji. Makofi. Hapo hapo Kabura amenijia mbio: Watiri anasema nirudie ule wa kiatu.
Wananiita. Na mimi, mjinga, nimesimama hapa nafikiria kubadilisha neno moja kwenye mstari wa tatu wa ule wa kiatu –